Nani atanunua? Namna ya kumjua mteja mbele ya kuanza biashara ndogo Goma

Kila asubuhi kwenye soko la Virunga, mjini Goma, kuko bamama wengi wamekaa mstari mmoja, kila mmoja na beseni yake ya tomati. Tomati ni za aina moja na bei ni moja. Mangaribi, wawili ao watatu wanarudi nyumbani na beseni tupu. Wengine wanarudi na tomati zenye zimeanza kulegea. Kuko wenye wanasema ni bahati, na kuko wenye wanasema jirani alienda kwa mganga.

Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko ile. Mama mwenye alimaliza anajua anamuuzia nani. Anajua kama mwenye restora fulani anapita saa moja ya asubuhi na anataka zile zimeiva sana, juu anapika siku ile ile. Anajua tena kama wafanyakazi wa mikono wanarudi saa kumi na moja, na hawataki kilo, wanataka fungu la 500. Kila asubuhi anatenga beseni yake mara mbili, upande wa restora na upande wa mafungu. Jirani yake anauzisha tomati kwa yeyote mwenye atapita.

Habari hii inaelezea namna ya kumtambua mteja mbele ya kutia makuta ndani ya biashara: ni nani, anapita wapi, ana feza saa ngapi, na anaweza kulipa kiasi gani.

"Kila mtu" si mteja

Ukimuuliza kijana mwenye anataka kufungua duka kama atauzishia nani, jibu la haraka ni hili: "Batu bote." Inaonekana kama jibu la akili, juu watu wakiwa wengi na feza itakuwa nyingi. Lakini jibu lile njo linakula kapitali. Mwenye anangojea watu wote ananunua kidogo ya kila kitu: sabuni mbili, sukari kilo tatu, viatu jozi nne, kredi ya simu. Kila mteja anakuta kitu kimoja anachotaka na anakosa viwili, halafu anaenda kwa mwengine mwenye ana vyote vitatu.

Kuchagua mteja si kufukuza wengine. Mwenye anapikia wamotari chai ya asubuhi hamkatazi mwalimu kukaa na kunywa. Lakini saa ya kufungua, ukubwa wa kikombe, bei na pahali pa kukaa vinapangwa kufuatana na motari, juu yeye njo atarudi kesho na kesho kutwa.

Hata makampuni makubwa yalianzia hapo. Nchini Kenya, huduma ya M-Pesa ilijaribiwa kwanza mwaka 2005 ili kusaidia watu kurudisha mikopo midogo kwa simu. Wenye kuijaribu wakaanza kuitumia kwa kazi nyingine: kutumiana feza wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua mwaka 2007, haikuitangaza tena kama njia ya kulipa mikopo. Iliitangaza kwa mtu anayefanya kazi mjini na mwenye jamaa yake iko kijijini, ili atume feza nyumbani. Mteja ni yeye aliyeonyesha kazi ya kitu. Nchini Kongo, Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2012, na leo mjini Goma hata muuza makala anaweza kulipwa kwa simu.

Mwenye kutumia, mwenye kuchagua, mwenye kulipa

Kosa la pili ni kufikiri kama mteja ni mtu mmoja. Kwa vitu vingi kuko watu watatu. Daftari za masomo zinatumiwa na mtoto, mama njo anachagua duka, na baba njo anatoa makuta. Muuza daftari mwenye anaongea na mtoto peke yake atasikia "ni nzuri," lakini hatauza. Lazima ajue siku gani baba anapata feza, na mama anapita njia gani.

Maji ni mfano mwengine. Katika mitaa mingi ya Goma bomba linakauka mara kwa mara, na watu wananunua maji kwa bido. Anayetumia maji ni nyumba nzima. Lakini mara nyingi mwenye kutumwa kuyatafuta ni mtoto ao msichana, na yeye anaangalia kitu kimoja: umbali. Kibanda cha maji chenye kiko karibu kinaweza kushinda chenye bei ndogo, juu mwenye kubeba bido ya litri 20 njo anachagua, hata kama makuta si yake.

Makundi ya wateja mjini Goma

Goma ina komini mbili, Goma na Karisimbi, na mitaa 18. Lakini muuzaji hawezi kugawa wateja kwa mitaa peke yake. Njia nzuri zaidi ni kuangalia feza inaingia namna gani ndani ya mfuko wa mtu.

*Wenye kupata kila siku.* Ni wamotari, wasukuma chukudu, wabeba mizigo wa Birere na Kituku, wajenzi, mafundi na wauzaji wenzao. Asubuhi hawana kitu, mangaribi wanacho. Wananunua kidogo kidogo: sashe ya makala, kikombe cha mafuta, fungu la sambaza, unga wa siku moja. Wengine wanafikiri mteja huyu ni maskini na hana faida. Lakini mfuko mmoja wa makala ukigawanywa kwa sashe unaleta feza nyingi kuliko ukiuzwa mzima, na yeye anarudi kila siku. Mwenye kumuuzia lazima awe wazi mangaribi, wakati wengine wamefunga.

*Wenye kupata kwa mwezi.* Walimu, wafanyakazi wa serikali, wauguzi, wafanyakazi wa mashirika na wa makampuni. Wananunua vitu vikubwa mshahara ukiingia, na wanaomba deni mshahara ukichelewa. Anayewauzia anahitaji kapitali yenye inaweza kungoja. Mwenye ana dola 50 peke yake, akiwakopesha watu watano, biashara imekwisha hata kama kila mtu ni mwaminifu.

*Wanafunzi.* Kandokando ya Chuo Kikuu cha Goma na ULPGL kuko vijana wengi wenye feza kidogo na mahitaji ya kila siku: fotokopi, kredi ya intaneti, chakula cha haraka, kunyoa nywele. Ubaya wake ni kalenda. Wakati wa likizo, avenii inakuwa tupu. Mwenye anategemea wanafunzi lazima ajiulize atakula nini miezi ile.

*Wenye kuvuka mpaka.* Kwenye Petite Barrière watu maelfu wanavuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi, wengi wao bamama wenye kubeba mboga, maziwa, nyama na vitu vya duka. Mteja huyu ana haraka na anapanga siku yake kufuatana na saa ya kufunga mpaka, na saa ile imebadilishwa mara nyingi tangu wakati wa Covid mwaka 2020. Biashara yenye kumtegemea yeye peke yake inalala siku ile mpaka unafungwa.

*Wasafiri wa ziwa.* Kituku na bandari ya Goma zinapokea watu na vyakula kutoka Minova, Idjwi na Bukavu. Mtu anayeshuka boti ana njaa, ana mzigo, anatafuta kredi ya simu na motari. Hana wakati wa kuzunguka kutafuta duka.

*Wauzaji wengine.* Kundi hili linasahauliwa. Restora, depo, vibanda na shule ni wateja vilevile. Wananunua nyingi mara moja kwa bei ya chini, na wanataka kitu kimoja: usikose. Mwenye kupeleka mandazi 60 kwenye vibanda vitatu kila asubuhi anaweza kuishi vizuri bila kuwa na meza barabarani.

Kila kundi lina pia saa yake, feza yake na luga yake. Wengine wanahesabu kwa franga, wengine kwa dola, na mwenye anakataa noti ya dola yenye imepasuka kidogo anapoteza mteja ao anajiokoa na hasara, kufuatana na namna anawajua bakambiste wa karibu. Kuhusu luga, salamu moja ya Kinyarwanda, Kinande ao Lingala inaweza kumsimamisha mtu mwenye alikuwa anapita.

Kuhesabu mbele ya kutoa makuta

Kumtafuta mteja haiombi feza nyingi. Inaomba kaye, bike na asubuhi tatu. Siku zichaguliwe tofauti: siku ya kwanza ya juma, siku ya katikati, na siku ya posho. Mtu anasimama pahali anafikiri ataweka biashara, na anaandika mambo mane: nani anapita, saa ngapi, anabeba nini, na ananunua wapi sasa.

Jambo la ine njo la maana zaidi. Kama hakuna mtu ananunua kitu kile mahali pale, inaweza kuwa ni nafasi nzuri, lakini inaweza pia kuwa hakuna mwenye anakihitaji. Kama kuko wauzaji wane na wote wanamaliza mapema, nafasi bado iko. Kama kuko wane na mangaribi wote bado wana mzigo, wa tano atakuja kugawa hasara.

Kisha kuhesabu, ni kuuliza watu kumi. Swali baya ni hili: "Nikileta mandazi mutanunua?" Watu wa Goma wana heshima, watasema ndiyo. Swali nzuri linauliza juu ya jana: "Asubuhi ya jana ulikula nini? Wapi? Bei ngapi? Nini haikukupendeza?" Mtu hawezi kudanganya sana juu ya jana.

Mfano wa chai na mandazi

Hesabu hii ni ya mfano tu, ili kuonyesha namna ya kufanya. Bei zinabadilika, lakini njia ya kufikiri inabaki.

Bamama sita wako ndani ya likelemba. Kila juma kila mmoja analeta 10 000 franga, na mmoja anabeba 60 000. Mama mmoja amebeba wa kwanza. Anataka kuuza chai na mandazi karibu na pahali wamotari wanangojea wateja. Kuanzia juma linalofuata, lazima aendelee kuleta 10 000 mpaka kila mwenzake abebe. Akikosa, hapotezi feza peke yake, anapoteza jina kati ya wenzake, na mara nyingine hatapokelewa.

Asubuhi tatu anahesabu. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu wanasimama hapo wamotari karibu 40, wanapita wanafunzi 60 wa shule, na wajenzi 20. Anauliza wamotari kumi: saba walikunywa chai jana barabarani, kwa 500. Wajenzi kumi: sita. Wanafunzi kumi: watatu tu walikuwa na makuta, na haikupita 200.

Kwa wamotari 40, saba juu ya kumi ni 28. Lakini wale 28 tayari wana mwenye anawauzia, na si wote watamuacha. Mama anagawa kwa mbili: 14. Kila mmoja akilipa 500, na unga, mafuta, sukari na makala vikikula 350, inabaki 150. Mara 14 ni 2 100 kwa asubuhi moja. Kwa siku sita ni 12 600. Akitoa 10 000 ya likelemba, anabakia na 2 600 ya kulisha nyumba juma nzima. Haitoshi.

Hapo wengi wangesema, "Mungu atasaidia," na wangeanza. Mama huyu anarudia kaye yake. Wajenzi 20, sita juu ya kumi ni 12, nusu yake ni 6. Mara 150 ni 900 kwa siku, na 5 400 kwa siku sita. Wanapita pahali pale pale, saa ile ile, na wanataka kitu kile kile: chai ya moto, mandazi kubwa, haraka. Sasa anabakia na 8 000. Bado ni kidogo, lakini ni hesabu yenye inaweza kutembea mpaka likelemba imalizike, na kisha hapo ile 10 000 ya kila juma inakuwa yake.

Wanafunzi, hata kama ni wengi kuliko wote, anawaacha. Wanataka mandazi ndogo ya bei ndogo, wanasimama wengi mara moja, na wanachelewesha motari mwenye iko na haraka. Kundi lenye watu wengi zaidi halikuwa kundi la wateja wake. Bila kaye, angeona ule wingi na angepika kwa ajili yao.

Wakati mteja anahama

Goma inafundisha jambo lenye vitabu vingi vya biashara haviandike: mteja anaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikafika ziwani, ikafunika sehemu kubwa ya maduka ya katikati. Watu walirudi, walijenga juu ya mawe, na mji ukaendelea kupanuka upande wa magharibi, kuelekea Ndosho, Kyeshero na Mugunga. Wauzaji wenye walifuata watu walipata wateja wapya. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano nyuma yake sehemu ya mji iliambiwa ihame. Watu walikimbilia Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, na biashara zikasimama.

Mwanzoni mwa 2024, vita karibu na Sake vilikata barabara ya kutoka Masisi na Minova. Vyakula vingi vikaanza kupita ziwani, na Kituku ikapokea wauzaji na wanunuzi wenye zamani walikuwa wanapitia barabarani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia Goma, mabadiliko yaligusa kila kundi. Banki zilifunga milango, na wenye kulipwa kwa banki wakakosa njia ya kupata mshahara wao. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mwezi wa pili, kambi za wakimbizi wa ndani zenye zilizunguka mji, zenye mamia ya maelfu ya watu, zilibomolewa. Mwenye alikuwa anauzia kambini unga na makala kwa vipimo vidogo alikuta wateja wake wote wameondoka. Wakati ule ule, Marekani ilikata misaada mingi, na wafanyakazi wa mashirika wakapoteza kazi. Nyumba za kupanga, restora za bei kubwa na salo za Himbi na Katindo zilisikia uzito wake.

Ndiyo maana kumjua mteja si kazi ya siku ya kufungua peke yake. Kila miezi mitatu ni vizuri kurudilia hesabu: wale wa zamani bado wako? Bado wanalipwa? Kwa njia gani? Restora yenye ilikuwa inapikia wafanyakazi wa mashirika inaweza kupunguza sahani na bei, iite wauzaji wa soko. Si aibu, ni kufuata mteja.

Mabadiliko mengine ni ya heri. Umeme wa Matebe, kutoka mto Rutshuru, na umeme wa jua wa Nuru kule Ndosho tangu 2020, ulifungua kazi zenye hazikuwezekana mbele: kinu cha unga, friji ya maji baridi, kuchomelea vyuma. Lakini mwenye anataka kuuza maji ya baridi ahakikishe kwanza kama avenii yake ina umeme, hapana mtaa wa jirani.

Makosa yenye yanarudilia

La kwanza ni kumwiga jirani. Akiona salo moja imejaa, kijana anafungua ya pili mlango wa kando. Hajui kama ile ya kwanza imejaa juu ya bei, juu ya fundi, ao juu ya kanisa lenye bamama wake wote wanasukiwa hapo siku ya posho.

La pili ni kufanya jamaa kuwa wateja wa kwanza. Dada, shemeji na jirani wanachukua kwa deni, na kuwadai ni vita ya nyumbani. Jamaa wanaweza kusaidia kuonja na kusema ukweli, lakini hesabu ifanywe juu ya watu wengine.

La tatu ni kuchagua pahali juu hakuna kodi. Meza mbele ya nyumba yao haina kodi, lakini kama watu wanapita saa ile hawana feza, kodi inalipwa na mzigo wenye unaoza.

La ine ni kukataa kuona. Hesabu ikionyesha kama mteja hayuko, wengi wanaongeza kapitali badala ya kubadilisha pahali, saa ao kitu cha kuuza.

Maswali ya kuandika ndani ya kaye

Mbele ya kutoa franga ya kwanza, mwenye biashara aweze kujibu maswali haya kwa maneno mafupi:

- Ni nani atanunua, na nani atatoa makuta?
- Anapata feza kila siku, kwa juma, ao kwa mwezi?
- Anapita wapi, na saa ngapi?
- Sasa anakinunua kwa nani, na nini haimupendezi hapo?
- Anaweza kulipa kiasi gani kwa mara moja?
- Nusu ya wenye walisema ndiyo wakija, faida itatosha kulipa deni na kulisha nyumba?
- Akiondoka kesho, ni kundi gani la pili linaweza kununua kitu kile kile?

Mwenye hana jibu kwa swali la mwisho aanze na kapitali ndogo kuliko ile anayo, na nyingine aiweke. Mjini Goma, feza yenye imewekwa njo inamsaidia muuzaji kuanza tena wakati wateja wamehama.